Sahihi Nane

Katika karakana ya uashi ya chuo nilichosomea Kitale, ukuta haukuishi zaidi ya juma moja. Tulijenga kwa mota ya chokaa na mchanga bila saruji, ili Ijumaa mchana tuuangushe, tukwangue matofali na kuyapanga upya pembeni yangoje kazi ya Jumatatu. Matofali yale yalikuwa yamepita mikononi mwa watu wengi kabla yetu. Pembe zake zilikuwa zimelika, na ukilishika moja uliona limekuwa laini kama sabuni iliyotumika nusu.

Kwa kuwa ukuta haukubaki, kilichobaki kilikuwa daftari. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la kazi lenye mazoezi kumi na mawili, zoezi moja kila ukurasa. Chini ya ukurasa palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha "ameweza" na kingine cha "bado", kisha mstari wa sahihi ya mkufunzi. Ukimaliza ukuta unamwita, anakuja na pimamaji lake, anapima, anatia alama, anatia sahihi. Ndipo unabomoa.

Mimi sikuwa namwita.

Nilimaliza darasa la nane katika shule moja ya Bumula na masomo yangu yakaishia hapo. Kwa miaka minne niliwabebea matofali mafundi wa Kanduyi, nikajifunza kushika mwiko wakati wao wamekwenda kula. Niliposikia kwamba kuna kozi ya ngazi ya chini inayowapokea wenye cheti cha msingi, nilijiandikisha. Mikono yangu ilikuwa tayari, shida ilikuwa kalamu. Mimi huandika polepole. Mkufunzi akiandika ubaoni, nikiwa kwenye mstari wa pili yeye anafuta wa kwanza, na ninabaki na daftari lenye sentensi zisizo na mikia.

Siku aliyotueleza habari za daftari la kazi, nilikuwa bado nanakili jina la kozi. Nilipoinua kichwa nilidaka neno "sahihi" na mengine yakanipita. Sikuuliza. Sijawahi kuwa mtu wa kuinua mkono, na darasa lile lilikuwa na vijana waliomaliza sekondari, wanaojibu kabla swali halijaisha. Basi yaliyonipita nikayajaza kwa niliyoyajua. Katika shule ya msingi mwalimu alitia sahihi kwenye kazi iliyopatikana, akaandika "vizuri" kando yake. Iliyokosewa ilipata alama nyekundu ya mkasi. Nikaamini kwamba sahihi ni ya ukuta mzuri, na kwamba kisanduku cha "bado" kiliwekwa kwa ajili ya wazembe. Tena fundi aliyenilea kule Kanduyi alikuwa na msemo wake wa kila siku, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliwacheka mafundi waliomwita mwenye nyumba aje atazame ukuta. "Kama uko sawa si atauona akipita?" alisema.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilisimama mbele ya ukuta wangu nikautafutia kosa. Nililipata sikuzote. Hapa mota imekuwa nene, pale tofali limetokeza kama jino la sungura. Nikauangusha kabla mkufunzi hajafika upande wetu, nikijiambia kwamba wa juma lijalo ndio utakaostahili kuonyeshwa. Mara nne tu alinikuta nikiweka tofali la mwisho, akapima bila kuitwa na kutia sahihi. Mazoezi mengine manane niliyafanya yote, na kurasa zake zikabaki nyeupe.

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi, majuma matatu kabla ya tathmini. Sikuiona mimi. Aliyeiona ni mwenzangu wa meza, kijana wa mjini Kitale ambaye kwao ni karibu na msikiti. Alinifuata bombani nikiosha mwiko.

"Niaje. Umeona list?"

"Ya nini?"

"Ya wale hawataingia tathmini. Si uko ndani, bana! Ati una sahihi nne."

Nikamwambia labda ni makosa.

"Makosa ya nani? Leta hiyo daftari." Alifungua, akageuza kurasa moja moja, kisha akanitazama kama mtu aliyekuta nyumba bila paa. "Lakini hizi kuta tulijenga pamoja! Mimi mwenyewe nilikuchanganyia mota. Mbona hukumwita mwalimu?"

"Zilikuwa mbaya."

"Zangu je? Ile ya zoezi la tano ililala kama mlevi, na nikaita. Akaniwekea 'bado', akasaini, maisha ikaendelea."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na mwiko unaodondosha maji mkononi. Sahihi haikusema kwamba ukuta ni mzuri. Ilisema kwamba ukuta ulikuwapo. Na kuta zangu nane zilikuwa zimerudi kuwa matofali yaliyopangwa pembeni, na hakuna tofali litakaloniambia lilikuwa kwenye ukuta wa nani.

Nilielewa pia nini kinanipotea. Asiyeingia tathmini angengoja kundi lijalo, mwaka mzima. Kulikuwa na mradi wa kujenga zahanati karibu na Sirisia, na fundi wangu aliniambia waziwazi kwamba siku hizi wenye kazi kubwa wanaomba cheti. Bila cheti ningerudi kubeba matofali, na safari hii ningewabebea vijana niliosoma nao.

Mwenzangu akaniambia kuna ofisi ya mlezi wa wanafunzi, niende huko. "Ile ruhusa yangu ya swala ya Ijumaa nilipata hapo. Niliandika tu barua. Hawaumi watu."

Lakini neno "barua" ndilo lililonimaliza. Sikwenda ofisini. Jumanne nilifunga begi, nikaenda nyumbani Bumula.

Mama alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinitazama nilipoingia na lile begi langu, akaangalia tena maharagwe yake.

"Wamewafungia mapema?" aliniuliza kwa Kibukusu.

Nikasema ndiyo.

"Na godoro umelibeba kichwani, au limebaki?"

"Limebaki."

"Basi hawajafunga. Keti hapa, papa, unisaidie na haya yaliyotobolewa."

Mama huniita papa tangu nilipokuwa mdogo, kama akina mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao, na akiniita hivyo siwezi kudanganya kwa muda mrefu. Nilichambua kama kiganja kimoja, kisha nikamweleza yote, kuanzia daftari hadi orodha. Nilidhani atasikitika. Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja uwe mzuri ndipo uonekane?"

Niliokota harage lililodondoka.

"Unajua wewe ulikuwa mtoto wa kupungua? Ulipozaliwa ulikuwa na uzani wako sawa, mwezi wa tatu ukaanza kushuka. Nilikupeleka kliniki kila mwezi. Nesi anakuweka kwenye mizani, anaandika kwenye kadi, anapiga muhuri. Miezi uliyopungua alipiga muhuri uleule. Jirani yangu mmoja aliona aibu, akamficha wake, ati mpaka anenepe kidogo ndipo ampeleke." Sikuuliza kilichompata mtoto wa jirani. "Ningengoja unenepe, papa, ningemwonyesha nesi kitu gani?"

Kisha akaniuliza kama chuo kimesema hakuna njia tena. Nikasema sijui. Akasema, "Hujui kwa sababu umeuliza ukakosa jibu, au kwa sababu hujauliza?" Alikwisha jua jibu, akainuka kuweka maji motoni.

Nilirudi Kitale Jumatano jioni. Usiku ule nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nijiunge, nilikisoma kijitabu cha kanuni tulichopewa siku ya kwanza. Kilikuwa chini ya godoro, bado kina harufu ya dukani. Kimeandikwa Kiingereza kigumu na nilikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Karibu na mwisho nilikuta kanuni inayosema kwamba mwanafunzi aliyepungukiwa na sahihi anaweza kuomba, kwa maandishi na ndani ya siku tano za kazi tangu orodha itolewe, apewe nafasi ya kurudia mazoezi. Nilihesabu kwa vidole. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Nikashangaa kwamba muda wote ule nilikuwa nimekilalia kile kijitabu.

Alhamisi nilifika kwenye ofisi ya mlezi wa wanafunzi baada ya uji wa saa nne. Ilikuwa na meza moja, kabati moja, na benchi refu chini ya dirisha. Mlezi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilisimama mlangoni mpaka akasema bila kuinua macho, "Mlango hauna kodi. Ingia."

Nilimpa daftari. Aliligeuza kurasa zote kumi na mbili, bila haraka na bila kuguna.

"Kazi ulifanya?"

"Nilifanya, madam."

"Kuna mtu alikuona?"

"Mwenzangu wa meza."

"Na kwa nini hazina sahihi?"

Niliinamisha kichwa. Alingoja. Alipoona ninazidi kuinama alivuta karatasi safi akaisogeza upande wangu. "Basi usiniambie mimi. Mwandikie mkuu wa idara. Kiswahili anasoma vizuri, usijisumbue na Kiingereza. Ukitaka, unaniambia nami naandika, wewe unatia sahihi. Hilo nalo linaruhusiwa, liko kwenye kitabu."

Nilisema nitaandika mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Huenda ni kwa sababu kumwambia kungekuwa kugumu zaidi.

"Polepole basi," akasema. "Mimi niko hapa mpaka saa kumi."

Nikakaa kwenye benchi, karatasi juu ya daftari, daftari juu ya magoti. Niliandika tarehe. Niliandika "Kwa Mkuu wa Idara". Kisha nikakwama, na nikiwa nimekwama watu wakaanza kuingia.

Aliingia msichana wa ushonaji akiwa na mtoto mgongoni. Aliomba chumba cha kumnyonyeshea, kwa sababu wavulana wa darasa lake wanachungulia. Mlezi akafungua droo, akampa ufunguo. "Chumba kile cha pili baada ya maktaba. Urudishe ufunguo. Na majina ya hao wachunguliaji uniletee." Msichana akacheka, akasema ataleta orodha ndefu kuliko ile iliyobandikwa.

Akaja kijana wa umeme aliyekosa masomo siku nne kwa ajili ya matanga ya baba yake mdogo. Alileta barua ya chifu iliyokunjwa mara nyingi mpaka imetoboka. Mlezi akaisoma kupitia matundu, akaandika ruhusa, akamwambia pole kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Akaja mwingine ambaye hata sikuelewa anataka nini, alizungumza tu habari za mpenzi wake kwa muda mrefu, na mlezi akamsikiliza huku akipanga faili, akamwambia kwanza alale usingizi wa kutosha, arudi Jumatatu.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na jambo zuri la kuonyesha. Kila mmoja alileta pengo lake, akaliweka mezani mbele ya watu, akaondoka na karatasi au ufunguo. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango ule kwa miezi, nikidhani ni wa watu waliofanya makosa makubwa.

Barua yangu ilikwisha saa nane na nusu. Nilikosa chakula cha mchana. Ilikuwa na sentensi nne.

"Mimi ni mwanafunzi wa uashi. Nilifanya mazoezi yote kumi na mawili lakini nilibomoa manane kabla mkufunzi hajayaona, kwa sababu nilifikiri sahihi ni ya ukuta mzuri peke yake. Nilikosea. Naomba kuyajenga tena aone."

Mlezi aliisoma mara mbili. Nilitegemea atasema ni fupi. Alichosema ni, "Umeiandika vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa na kurasa tatu." Akagonga muhuri wa tarehe, akaibeba mwenyewe.

Jibu lilikuja Ijumaa. Nilipewa alasiri tano za juma lililofuata, baada ya masomo. Siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni, daftari liwe ofisini. Zikikamilika sahihi zote kumi na mbili ningeingia tathmini, ziwe za "ameweza" au za "bado", na zoezi lenye "bado" ningelirudia peke yake muhula ujao. Ikikosekana hata moja, nangoja mwaka.

Mkufunzi wetu ni mtu mrefu, mkali wa maneno. Jumatatu alinikuta nikipanga matofali. "Wewe ndiye fundi wa siri?" akauliza. "Unajenga kama mtu anayeiba." Darasa zima lingecheka kama lingekuwapo, lakini palikuwa na mimi na mwenzangu wa meza tu, ambaye alikuwa amekataa kwenda nyumbani. Alisema hakuna kanuni inayokataza mtu kuchanganyiwa mota.

Siku ya kwanza nilijenga ukuta wa nusu tofali na ule wa tofali zima. Kumwita mkufunzi mara ya kwanza kulinichukua muda mrefu kuliko kuweka safu mbili. Nilisimama. Nikakohoa. Mwenzangu akanipiga teke la mguu. "Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo hata mimi sikuitambua, "nimemaliza." Alikuja, akapima, akatia alama kwenye "ameweza", akatia sahihi, akaenda zake. Ilikuwa fupi hivyo. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeogopa kitu kisichozidi dakika mbili.

Jumanne ziliongezeka mbili. Jumatano mvua iliingia karakana kwa upande usio na ukuta, nikapata moja. Alhamisi mbili. Ijumaa ilibaki moja, nayo ilikuwa kona, zoezi la kumi na moja, ambalo hata wale wa sekondari waliliogopa. Kona hujengwa pande mbili kwa wakati mmoja na kila safu lazima ifungane na ya chini yake. Ikikosea chini kidogo, juu inakosea sana.

Saa kumi na nusu niliweka tofali la mwisho na kuteremsha timazi. Uzi ulitulia mbali na ukuta, upana wa nusu kidole. Kona yangu ilikuwa imeegemea nje. Nilipima tena upande wa pili. Nusu kidole.

Mkono wangu ulikwisha nyanyuka. Nakumbuka vizuri, mpini wa mwiko uligusa tofali la juu, na mota ilikuwa bado mbichi, sukumo moja lingetosha. Nilikuwa nikifikiri kwamba nikiziangusha safu tatu za juu nitazirekebisha kabla ya saa kumi na moja. Mwenzangu aliacha koleo.

"Usiguse," akasema. "Wewe, usiguse. Saa ngapi? Mwite, bana."

"Imeinama."

"Nimeona imeinama. Hata kipofu ameona. Mwite!"

Niliteremsha mkono. "Mwalimu," nikaita, na safari hii alinisikia mara moja ingawa alikuwa mlangoni akizungumza na mtu. "Nimemaliza kona. Njoo uone. Imeinama."

Alikuja akaipima pande zote mbili. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua daftari, akatia alama kwenye kisanduku cha pili, kile cha "bado", akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, akaandika saa kando yake. Mwenzangu alilinyakua kabla wino haujakauka, akatoka nalo mbio kuelekea ofisini, mikono yake bado ina mota, na nilijua jalada litafika limechafuka.

Mkufunzi alianza kuvua koti lake la kazi. Nilikuwa na sahihi zangu zote, tathmini ilikuwa yangu, na kona ilikuwa ya muhula ujao. Ningeweza kunyamaza, nami nimezoea kunyamaza.

"Mwalimu," nikasema, "nilianza kukosea safu ya ngapi?"

Akasimama na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Akaitazama kona, kisha akanitazama mimi kama mtu anayegundua leo kwamba karakana ina mlango mwingine.

"Lete timazi," akasema, akachuchumaa. "Tuanzie chini."